Hatua Arobaini

Jeko hana ugomvi na watu.
Tarishi akija, humlalia juu ya viatu.
Watoto wa ghorofa ya tatu humvuta masikio
naye hufumba macho kama mzee anayenyolewa ndevu.
Ila mbwa mwenziwe akitokea kona ya duka la mikate,
hata mkia tu, hata kivuli,
manyoya ya shingo yanamsimama,
koo linasaga mawe,
na mimi, kilo themanini na tisa,
naburutwa kwenye mteremko huu wa Tbilisi
kama gunia la viazi.

Januari, mama akiwa na siku tisa kaburini,
tulikuwa kwenye lifti, ile ya kulipia sarafu.
Mlango ukafunguka ghorofa ya tano,
akaingia Bi Tsiala na kijibwa chake cheupe kwapani.
Niseme nini? Koti nililipa.
Kijibwa kilishonwa nyuzi nne.
Tangu hapo tunashuka kwa ngazi, Jeko na mimi,
ghorofa nane, saa kumi na moja alfajiri,
viatu mkononi,
kama wezi.

Alikuwa mbwa wa mama.
Angali mtoto, walizingirwa na mbwa wanne kule relini;
mama akawatwanga kwa mfuko wa biringani
mpaka mfuko ukapasuka.
Alipenda kukisimulia kisa hicho,
na kila alipokisimulia mbwa walizaana:
mwaka jana walikuwa wamefika kumi na mmoja.
Tulicheka hadi machozi.
Hatukuona kwamba mbwa yeyote akipita
mama aliizungusha kamba kiganjani,
mara mbili, mara tatu,
vidole vikawa vyeupe.

Ivlita wa kwa daktari wa mifugo,
msichana wa miaka ishirini na mbili,
maganda ya alizeti yakimjaa mfukoni,
hakumtazama mbwa. Alitazama mkono wangu.
"Nodari, nani kamwona mwenziwe kwanza?"
Nikainamisha macho.
Kamba ilikuwa imekizunguka kiganja mara tatu.
Sikumbuki kuizungusha.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Huyu ana miaka saba. Mimi hamsini na mitatu.
Ng'onda sote wawili.

Basi ikaanza kazi ya jibini.
Tunasimama nyuma ya shule, theluji imekuwa tope.
Sikio-Njano, mbwa wa mtaa mzima na si wa mtu,
kipande cha plastiki cha manispaa kikining'inia sikioni,
amelala juu ya mfuniko wa bomba la maji moto.
Jeko akimwona: jibini.
Akigeuza uso: jibini.
Akifoka, hakuna matusi, hakuna kuvutana;
tunarudi nyuma, nyuma zaidi,
mpaka pale anapoweza kumwona mwenziwe
na bado akakumbuka kwamba ana tumbo.
Nikahesabu. Hatua arobaini.

Nikahesabu tena,
kwa maana Jumapili ile ilikuwa arobaini ya mama.
Nyumbani ngano na asali zilikuwa mezani,
binamu wamefika kutoka Gori na wanauliza niko wapi,
nami niko topeni na suti nyeusi,
mfuko wa ndani ukinuka maziwa,
namwambia mbwa, taratibu, taratibu,
kwa sauti ambayo nilidhani ni yangu.

Machi tulifika thelathini na moja.
Juzi pikipiki ilipita, tukarudi hamsini.

Leo Sikio-Njano aliamka, akajinyoosha, akatukazia macho.
Mkono wangu ukaanza safari yake.
Safari hii niliusikia.
Nikafungua mzunguko mmoja. Wa pili ulikataa.
Jeko akanguruma kidogo, kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kuamua kutosema,
kisha pua yake ikaja mfukoni mwangu.
Sikuwa na jibini.
Nilikuwa na ukoko wa mkate wa jana.

Akautafuna polepole, akimtazama yule kule.